Shikamoo Kumi na Nne

Ukipita Tegeta ukaona ukuta ulioandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa herufi nyekundu zilizonyooka, kila herufi na kivuli chake cheusi upande wa kulia, jua umeona kazi ya mzee Cyprian Kamugisha. Usimwulize habari za ng'ombe. Alichora ng'ombe wengi kwenye mabucha ya Kinondoni na Temeke, na wote, Mungu amsamehe, walifanana na mbwa aliyeshiba. Lakini kwenye herufi mzee hakuwa na mpinzani. Aliandika saluni, gereji, shule za chekechea, maduka ya dawa, na maonyo kwa wale wanaojisaidia ukutani. Kwa miaka thelathini na mitano mkono wake ulisomesha watoto wanne na kusimamisha nyumba ya vyumba vitatu, na yeye mwenyewe, mtu wa Bukoba asiye na maneno mengi, alikuwa akisema Mungu hakumnyima kitu.

Alikuwa na tabia moja, na hiyo ndiyo iliyozua haya ninayosimulia. Mzee alikuwa mtu wa nyongeza. Mwenye duka akitaka yaandikwe maneno VIFAA VYA UJENZI, halafu chini ikabaki nafasi, mzee hakuiacha ilale bure. Aliijaza KARIBU MTEJA, au ASANTE, MUNGU AKUTANGULIE, bila malipo na bila kumwuliza mtu. Nafasi tupu ukutani aliiona ni uchoyo. Hakuna aliyewahi kulalamika, na wengine walimwongezea soda juu.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya turubai. Mtu anatuma maneno kwa simu asubuhi, mchana bango limeshaning'inia, na picha ya nyama inang'aa kuliko nyama yenyewe. Kuta za mzee zikapungua, zikabaki mbili kwa mwezi, ikabaki moja, mwisho ikawa hata hiyo moja haipo. Kila Jumamosi aliendelea kuosha brashi zake ingawa hazikuwa zimeshika rangi wiki nzima. Mke wake, Bernadeta, ana ulimi mkali na mtaa mzima unamjua, lakini kuhusu zile brashi hakuwahi kutia neno, na kwa hilo mzee alimshukuru kimoyomoyo.

Hapo ndipo alipopigiwa simu na binti anayeitwa Badriya Aidarus. Ukoo wao ni wafanyabiashara wa siku nyingi wa Mikocheni, wanauza mabomba na makoki tangu enzi za babu yao, na juu ya duka kuna chumba ambacho Badriya na kaka yake Azzam walikigeuza ofisi ya katuni. Azzam anachora, Badriya anaandika hadithi. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa tayari kasoro maneno tu, na Badriya alikuwa amechukua namba ya mzee kwenye ukuta wa bucha moja la Tegeta.

"Mzee, nimejaribu herufi za kompyuta," alimwambia siku alipomwita. "Wahusika wangu wanaongea kama barua ya serikali. Mie nataka maneno yaliyoandikwa na mkono wa mtu."

"Ng'ombe sichori," mzee akamwahi.

Badriya akacheka. "Hakuna ng'ombe."

Katuni ilikuwa inaitwa Sikio la Ndani. Ni habari ya vijana watatu wa Temeke, Tupokigwe na Hudhaifa na Abrar, ambao transfoma ililipuka karibu na shule yao, na tangu siku hiyo wakawa wanasikia yaliyomo vichwani mwa watu. Wakijitahidi zaidi, wanaingia kabisa ndani ya kichwa cha mtu na kutembea humo, huku wamebandika vidole viwili kwenye kipaji cha uso. Adui wao ni Mzee Hati, tapeli wa viwanja anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watano, na ambaye amejizoeza kufunga mawazo yake kwa makufuli saba. Badriya alimpa mzee kurasa zote, kila ukurasa nakala mbili endapo ataharibu, na maneno yamechapwa kwenye karatasi za pembeni. Kazi yake ilikuwa kuyahamishia kwenye vile viduara vyeupe vya maneno, na kwenye viwingu vya mawazo.

Mzee alirudi nyumbani amebeba bahasha ile kwa mikono miwili. Nikisema alifurahi nitakuwa nimempunja. Alipiga goti pembeni ya kitanda mchana kweupe, mtu mwenye miaka sitini na mitatu, akamshukuru Mungu kwa Kihaya, kisha akatoka kwenda kununua wino.

Alifanyia kazi kibarazani asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Siku ya tatu mjukuu wake, Kokushubila, alipita nyuma yake akasimama. Koku ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili, na anaishi na babu na bibi kwa sababu baba yake anafanya kazi Geita. Likizo ile kila akipita kibarazani masikio yake yalikuwa yamezibwa na nyaya za simu, na salamu yake ilikuwa ya haraka haraka. Leo alichomoa waya mmoja.

"Babu, huyu kaingia kichwani kwa mwalimu mkuu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Kakuta nini?"

"Subiri nifike."

Kesho yake alikuja na kigoda. Keshokutwa alikuja na kigoda na chai ya babu. Alikuwa anasoma nyuso kabla maneno hayajaandikwa, anabashiri nani anasema nini, na akibashiri sawa anapiga makofi. Mzee aliandika polepole kuliko alivyohitaji. Alijua anaandika polepole, na alijua kwa nini.

"Babu, ungekuwa na nguvu hizi ungeingia kwa nani?" Koku alimwuliza asubuhi moja.

Mzee alifikiri. "Kwa yule aliyeniuzia saruji mbovu mwaka juzi."

"Mie ningeingia kwako."

"Kwangu kuna nini cha kufuata?"

"Sijui, ndiyo maana. Nyie watu wazima mnajua tunachowaza hata kabla hatujawaza. Mnatuambia, wewe unawaza simu tu. Wewe unawaza wavulana tu. Sie hatujui nyie mnawaza nini. Katuni hii darasani kwetu wataigombania, babu, nakwambia. Kila mtu ana mtu anayetaka kuingia kwake."

Mzee aliinama akamalizia herufi. Moyoni alikuwa amefurahi mpaka akaogopa asije akaharibu ukurasa. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu atake kujua kilichomo ndani yake.

Siku hiyo hiyo alifika ukurasa wa tisa. Tupokigwe, msichana ambaye wenzake wanamwita Tupo, anamkuta bibi anayeuza vitumbua Tandika. Bibi huyo alimwona Mzee Hati akipokea fedha za kiwanja, lakini anaogopa kusema. Tupo anabandika vidole kwenye kipaji cha uso na kuingia. Maneno ya Badriya yalikuwa matatu tu: "Ulimwona wapi, bibi?" Kiduara kilikuwa kikubwa, maneno yakakaa katikati, na juu yake ikabaki nafasi nzuri kabisa.

Mzee aliitazama nafasi ile. Akamtazama bibi, ambaye Azzam alimchora na kanga kichwani na mashavu yaliyoingia ndani. Alikuwa mama wa mtu. Na hapa mtoto wa miaka kumi na mitano anaingia mpaka ndani ya fahamu za mama wa watu hata bila kumwamkia! Mkono wa mzee ulikataa kwenda mbele. Alichovya kalamu, akaandika juu ya yale maneno matatu: "Shikamoo, bibi." Na kwa kuwa kiwingu cha bibi nacho kilikuwa na nafasi, akaongeza: "Marahaba, mwanangu. Pita."

Baada ya hapo zilizobaki zilijileta zenyewe. Hudhaifa alimwamkia mlinzi wa benki, Abrar akawaamkia mwalimu mkuu na dereva wa lori. Mwisho wakafika kwa Mzee Hati mwenyewe. Badriya alikuwa ameandika kurasa tatu za mapambano ambamo Tupo anavunja makufuli saba kwa nguvu zake, damu inamtoka puani, na Mzee Hati anatoa macho kwa mshangao makufuli yanapopasuka. Kwenye kona ya ukurasa wa kwanza wa hizo tatu kulikuwa na nafasi. Mzee akamwandikia Tupo: "Shikamoo, mzee." Na kwenye kiwingu cha tapeli, pale macho yanapomtoka: "Marahaba." Hakugundua alichokifanya. Picha ilikuwa ile ile, ila sasa tapeli alionekana ameshtuka kwa sababu ameitika bila kutaka na kujifungulia mlango mwenyewe.

Koku aligundua. Alishika karatasi ya Badriya mkono mmoja na ukurasa mkono mwingine.

"Babu, hapa hakuna shikamoo."

"Nafasi ilikuwepo."

"Umemwuliza da Badriya?"

"Nyongeza huwa siulizi mtu. Miaka yote."

Koku aliurudisha ukurasa kwenye rundo. Naye mzee alikuwa akijiona amefanya jambo la heri.

Ingekuwa Badriya mzima, asingepitisha. Lakini wiki ile homa ya dengue ilimlaza kitandani hajiwezi hata kushika simu, na siku waliyopangiwa mtamboni haikungoja. Azzam alizichukua kurasa, akaziskani, akazipeleka kuchapwa. Azzam ni mchoraji, alikagua picha. Maneno hakuyasoma hata moja.

Vitabu vikatoka vikasambazwa, vingine maduka ya vitabu, vingine kwa wauza magazeti wa stendi ya Mbezi Luis. Shule zilipofunguliwa Koku alikwenda na kimoja, kikarudi kimekunjika pembe zote, kimepita kwa watu kumi na wawili. Haikuchukua muda watoto wa mtaani Tegeta wakawa na mchezo mpya. Mmoja anabandika vidole viwili kwenye kipaji, anamkazia mwenzake macho, anasema "Shikamoo!" Yule mwingine anauma midomo asiitike. Lakini nani katika nchi hii anaweza kuamkiwa akanyamaza? Neno linamtoka lenyewe. Likimtoka, kaingiwa kichwani, na lazima aseme jambo moja la kweli analoliwaza.

"Nawaza wali kuku wa jana!"

"Nawaza nilivyokwambia nina kaka Ulaya. Sina!"

Hata mama muuza maembe wa pale njia panda alinaswa, akakiri mbele ya wateja kwamba maembe ya chini ya beseni si mazuri sana. Mzee Kamugisha alikuwa anakaa barazani, meno yote nje, anasikiliza maneno yake yakikimbia mtaani kwa miguu. Hakuna ukuta aliouandika uliowahi kumfanyia hivyo.

Siku ya Ijumaa simu ikaita.

"Shikamoo mzee. Mie Badriya. Nimepona, nashukuru Mungu. Nimekisoma kitabu."

"Marahaba, mama. Pole sana na..."

"Naomba uje Mikocheni Jumatatu saa nne."

Akakata. Hakuuliza habari za nyumbani, na binti wa ukoo ule kukata simu bila kuuliza habari za nyumbani si jambo dogo. Mzee alibaki ameshika simu. Sasa ndiyo aliona alichokifanya. Aliona na unga wake ukimwagika, maana katika jiji zima hapakuwa na mtu mwingine anayeuhitaji mkono wake.

Alimweleza Bernadeta, hakumficha kitu. Bernadeta alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Ukutani ulikuwa unaongeza chini ya maneno ya mtu," alisema. "Humu umeongeza ndani ya mdomo wake. Ungekuwa wewe ungependa?"

"Nisingependa."

"Basi nenda kaombe radhi. Na usiende mikono mitupu."

Mzee alizitoa zile nakala za pili, ambazo hakuzihitaji kwa kuwa hakuharibu hata ukurasa mmoja, kwa maana ya wino. Jumamosi na Jumapili baada ya misa alikaa kibarazani akaandika upya kurasa zote alizoziongezea, neno kwa neno kama Badriya alivyotaka. Nafasi zilizobaki aliziacha wazi. Zilimwuma macho. Koku alikaa kwenye kigoda chake amenuna.

"Hata ya Mzee Hati unaitoa? Babu! Ndiyo inayochekesha kuliko zote."

"Siyo yangu."

"Watu wote wameipenda."

"Najua," mzee alisema. "Bado siyo yangu."

Jumatatu alipanda ngazi za duka la mabomba na bahasha yake, shati limepigwa pasi. Badriya alikuwa amekonda, mtandio umemkaa kwa kulegea. Kitabu kilikuwa mezani, kimejaa miduara ya kalamu nyekundu. Azzam alikuwa kwenye kona anajifanya anachora.

"Kumi na nne," Badriya alisema walipokwisha kusalimiana. "Nimezihesabu."

"Ndiyo, mama. Ni kumi na nne."

"Unajua kinachoniuma? Si kwamba zimeharibu. Ni kwamba watu wamezipenda." Akachukua simu akamsomea. "'Hongera dada kwa kuwafundisha watoto adabu.' Huyu mwalimu anataka vitabu arobaini vya maktaba kwa sababu ya adabu. Huyu mama anasema sasa anamruhusu mwanawe kusoma katuni. Mzee, mie sikukaa mwaka mzima naandika ili nifundishe mtu adabu!"

Mzee aliitazama ile miduara ya wino mwekundu.

"Nimeamkia watu tangu nina miaka mitatu," Badriya akaendelea. "Wajomba, mashangazi, wateja wa baba, mpaka wageni wa jirani. Naamkia, wanaitika, halafu wanageuka wanaendelea na mazungumzo yao. Hakuna aliyewahi kuniuliza, Badriya, wewe unaonaje. Ndiyo nikamwandika Tupo. Nilitaka msichana mmoja tu asiyesubiri kuitikiwa. Anaingia, basi. Na wewe ukamsimamisha mlangoni mara kumi na nne."

Maneno yale yalimwingia mzee mpaka kwenye mifupa. Kwake shikamoo ilikuwa zawadi, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu inamkalia kooni. Akamwona Koku akipita kibarazani likizo nzima, shikamoo babu, marahaba, na yeye huyo anageukia brashi zake. Alikuwa ameitika mara ngapi akadhani kazi imekwisha? Aliona aibu, na alipojibu sauti ilikuwa ndogo.

"Sina utetezi. Niliona nafasi, nikadhani ni tupu. Kumbe uliiacha makusudi." Akaisukuma bahasha juu ya meza. "Nimeziandika upya zote. Ni maneno yako peke yake, na malipo sitaki. Lakini sikuja kwa hilo tu. Nimekuja kukushukuru. Brashi zangu zilikuwa zimekufa, mama. Wewe ulipiga simu, nikawa mtu tena nyumbani kwangu, mjukuu wangu akakaa na mimi. Hata ukiniambia leo ndiyo mwisho, nitaondoka nashukuru."

Badriya alizitoa kurasa akazisoma moja moja, bila haraka. Alikuwa anakubali kwa kichwa. Alipofika kwa Mzee Hati akasimama. Akachukua kile kitabu akaweka kurasa mbili sambamba, ile yenye marahaba na hii isiyo nayo. Akazitazama sana. Pembe ya mdomo ikamcheza, akajizuia, ikamshinda, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, hiyo usiitoe," Azzam akasema kutoka kwenye kona. "Nakusihi."

"Tukichapa tena, kumi na tatu zinatoka," Badriya alisema akijifuta macho. "Hii moja inabaki. Ila nitaongeza kiwingu cha Tupo kabla yake. Anaisema makusudi, mzee. Anajua tapeli kafunga makufuli saba, na anajua kwamba hata tapeli akiamkiwa hawezi kunyamaza. Anaitumia kumfungua. Damu puani hatuna haja nayo."

Mzee alilipima lile kichwani, akaona ni zuri kuliko lake na kuliko la mwanzo. "Hilo sikuliwaza," alisema.

"Hata mie, mpaka sasa hivi." Badriya akavuta droo, akatoa rundo jipya la karatasi. "Toleo la pili. Azzam anamaliza kuchora mwezi ujao. Nakupa usome kwanza. Na kuanzia leo nafasi ikibaki, au neno likikukaa vibaya, unauliza. Ukiongeza hata nukta bila kuniuliza tunaachana, nakwambia kabisa. Lakini ukiuliza nitakusikiliza."

Mzee alizipokea karatasi kwa mikono miwili. Alitaka kusema asante, akaishia kuinamisha kichwa. Hakufukuzwa. Alivaa miwani akaanza kusoma palepale, labda kwa kuogopa kwamba akitoka nje na karatasi zile watu watabadili mawazo.

Ukurasa wa sita ulimsimamisha. Tupo amerudi nyumbani amechoka. Babu yake amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, kama kila siku, anatazama ukuta. Kwa mara ya kwanza Tupo anathubutu kuingia kichwani mwa babu yake mwenyewe. Maelezo ya mchoro yalisema kiwingu kijaze ukurasa mzima, na ndani yake maneno yawe machache: "Giza. Kimya. Hakuna kitu."

Mzee aliyasoma mara mbili. Zamani angekwenda nyumbani, angechovya kalamu, angetafuta pa kuongezea. Sasa aliinua kidole, taratibu.

"Nina swali."

"Uliza."

"Hapa kwa babu yake. Umeandika hakuna kitu."

"Eeh. Kazeeka, kutwa kanyamaza pale. Nikaona..." Badriya akakatiza.

"Una hakika?"

Chini dukani mtu alikuwa anagonga bomba, kisha akaacha. Badriya akaichukua ile karatasi mkononi mwa mzee, akaigeuza upande usioandikwa, akafungua kalamu.

"Kuna nini, mzee?" aliuliza.

Mzee Kamugisha akavua miwani. Alifikiri angetafuta maneno, lakini yalikuwa yamejaa mlangoni.

"Makelele," alisema. "Kuna makelele, mwanangu. Kuna mama yangu anaimba migombani, na mie nimejificha nisichote maji. Kuna ukuta wangu wa kwanza Kinondoni, nimeandika nyumba ya watu kwa rangi ya kuazima, nasikiliza kila mlango unaofunguka nisije nikafukuzwa. Kuna mwanangu wa Geita, nagombana naye kila siku asubuhi na hajui. Halafu kuna woga. Wa nini? Ngoja, hilo nitakwambia, andika hayo kwanza."

Badriya akaandika. Aliandika kwa haraka, ameinama, mpaka upande ule ukajaa, ndipo akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka akamwomba Azzam karatasi nyingine.